Muulize Mzee Kasma: "Bajeti Ijayo" Inaanzia Wapi?

Wasomaji wapya huanza kwa kuuliza habari za jina. Sikujipa. Nilikaa miaka ishirini na sita kwenye idara ya mipango, katika halmashauri mbili za huku magharibi, na kila aliyekuja mlangoni kuomba mafuta ya gari, mchango wa mwenge au bati kumi za choo cha shule nilimjibu, "Hakuna kasma." Kasma ni ile namba ya kifungu kwenye kitabu cha bajeti. Fedha ya umma haitoki bila namba hiyo, hata kama benki imejaa. Vijana wa ofisini wakanibandika jina. Sasa nimestaafu, nina mizinga yangu porini na kuku uani hapa Isevya, Tabora, na jina limebaki kwangu kama moshi wa tumbaku kwenye shati.

Barua za mwezi huu karibu zote ni za bajeti. Nadhani ni msimu. Madiwani wamerudi vijijini kuahidi.

Shikamoo Mzee Kasma. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, upande wa kusini mwa mkoa wetu wa Tabora. Mwaka 2019 tulianza kujenga zahanati kwa nguvu zetu. Tulifyatua tofali tukachoma, kina mama tukasomba maji na mchanga, kila kaya ikatoa elfu kumi. Boma likafika lenta mwaka 2021. Tangu hapo kila kiongozi akija anasema litaingia bajeti ijayo. Sasa mbuzi wanalala humo, na mjamzito akishikwa uchungu usiku anapakiwa bodaboda kilomita 19. Nataka kujua kitu kimoja tu: ni nani hasa anayekata majina ya miradi? – Mjumbe mwenye hasira

Marahaba, mama. Swali lako watu wa ofisini hawalipendi, nami nina deni nalo, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Anayekata majina ni mtu kama mimi. Si Waziri, si Bunge, na mara nyingi hata si diwani wako. Ni afisa mipango na mweka hazina, usiku wa Januari, na kompyuta moja katikati yao.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuishia 30 Juni. Watu wengi humsikia Waziri wa Fedha akisoma hotuba Dodoma katikati ya Juni, wakadhani ndipo bajeti inapotengenezwa. Juni chakula kinapakuliwa tu. Sokoni watu walikwenda tangu Oktoba. Kazi inaanzia kwenu, kwenye ule utaratibu mnaouita Fursa na Vikwazo, ambapo kijiji kinakaa na kuorodhesha kinachotaka na kile kinachoweza kuchangia chenyewe. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa walau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana sauti humo. Ule wa Septemba au Oktoba ndio wa pesa. Bahati mbaya ndio pia unaowakuta watu mashambani wakiandaa vitalu vya tumbaku, basi wanahudhuria wazee na wale waliofuata kivuli.

Kutoka hapo orodha inapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti ni diwani, wajumbe ni wenyeviti wa vijiji, katibu ni mtendaji wa kata. Maboma mengi hufia hapa, tena kwa upole. Kila mwenyekiti anakuja na vipaumbele saba, hakuna anayetaka kumuudhi mwenzake, wote wanaandikwa "kipaumbele cha kwanza," wanakunywa soda, wanaondoka. Sisi kule juu tukipokea karatasi yenye vipaumbele vya kwanza ishirini na nane, tulikuwa tunajichagulia.

Kwenye Novemba hivi hutoka Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti, na nyuma yake hufika ukomo. Shika hilo neno, mama, ukomo. Ni kiasi cha juu ambacho halmashauri inaruhusiwa kupanga, na kila kinachozidi hakiingii. Unaweza kuwa na sababu mia za zahanati yako, ukomo hausikii hata moja.

Sasa nikueleze usiku mmoja. Mwaka siutaji, halmashauri siitaji. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani. Tulikuwa na miradi 31 iliyoombwa kwa mapato ya ndani, yaani ushuru na leseni zinazokusanywa na halmashauri yenyewe, na ukomo unaotosha 12. Kwanza tulipitisha viporo, yaani miradi iliyokwisha kuanza kulipiwa na halmashauri. Halafu ile yenye karatasi kamili. Halafu, na hili nalisema kwa kuwa nimestaafu, ile ambayo diwani wake alikuwa mjumbe wa Kamati ya Fedha. Ilibaki nafasi moja na maboma mawili. La kwanza lilikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu, mahudhurio yenye sahihi, mchanganuo wa gharama uliogongwa muhuri na mhandisi, na barua ya mganga mkuu wa wilaya. La pili lilikuwa na muhtasari wa ukurasa mmoja, hauna mahudhurio. Boma la pili ndilo lilikuwa linahitajika zaidi, nilikijua kile kijiji, niliwahi kulala pale gari lilipokwama. Nikalifuta. Ilikuwa saa saba usiku na PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kuingizia mipango na bajeti, ulikuwa unafungwa asubuhi.

Mwezi Aprili nikakutana na mwenyekiti wa kile kijiji stendi, amebeba mfuko wa mbegu. Akaniuliza, "Mzee, tumeingia?" Nikamwambia wasubiri mwakani. Akanishukuru! Nilipanda basi nikiwa najisikia vibaya kuliko siku niliyowahi kutukanwa na mbunge. Mwaka uliofuata walileta mahudhurio ya watu 212, na ukomo ukawa umeshuka. Waliingia mwaka wa tatu.

Baada ya usiku kama ule, kitabu huenda kwenye menejimenti ya halmashauri, kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha Baraza la Madiwani, mara nyingi kati ya Januari na Februari. Hapo ndipo kisheria bajeti inapitishwa na watu wenu mliowachagua. Inapita pia Kamati ya Ushauri ya Wilaya na ile ya Mkoa, inachambuliwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na Hazina, na Waziri wa TAMISEMI husoma ya kwake Bungeni Aprili. Ngazi zote hizo za juu, kwa mradi mdogo kama wenu, husoma jumla. Sikumbuki hata mara moja mkoa ukiniuliza kwa nini kijiji fulani hakimo.

Kwa hiyo ufanye nini? Nenda kwa mtendaji wa kijiji umwombe uuone muhtasari wenye boma lenu, si akusimulie. Angalia kama una tarehe, mahudhurio na sahihi. Kama hauna, mkutano unaofuata anzeni hapo. Kisha kijiji kimwandikie mkurugenzi wa halmashauri, si kwa kulalamika, kwa kuuliza mambo mawili: boma letu limo kwenye mpango wa mwaka gani wa fedha, na kwa kasma ipi? Kiongozi akisema "litaingia," mpe kalamu aandike namba. Utaona anavyotafuta miwani.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyekwambia. Zahanati si boma. Hata ikiezekwa kesho inatakiwa kusajiliwa na kupata watumishi, na watumishi wana bajeti yao, inaitwa ikama, inaombwa mbali na ya majengo. Nimeona zahanati zenye rangi mpya na kufuli lenye kutu. Barua yenu iulize na hilo: je, ikama ya mwaka huo ina mganga na muuguzi wa kijiji chetu? Mganga mkuu wa wilaya atajua mnajua.

Mbuzi watoeni. Nasema kwa dhati. Mhandisi akija kukagua boma lenye samadi anaandika "limetelekezwa," na neno hilo kulifuta ni kazi.

Mzee, habari za Tabora? Huku Uvinza barabara ya kwenda mwaloni imekatika tangu masika na kisima cha kijiji kimekufa pampu. Tumekwenda halmashauri mara nne. Kila tukifika wanatuonyesha ofisi nyingine. Ni dharau au ni utaratibu? – Kijana wa mwaloni

Utaratibu, safari hii. Barabara za vijijini na mijini ziliondoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 zikaenda TARURA, wakala wa barabara hizo, na maji vijijini yalikwenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019. Wote wawili wana meneja wa wilaya na bajeti yao wenyewe. Kitabu cha halmashauri ukikisoma ukurasa kwa ukurasa hutaikuta barabara yenu, kwa hiyo mkiwabana madiwani wapitishe fedha ya pampu mnawaomba wapike kwenye jiko la jirani.

Lakini diwani hajapona. Anaweza na anapaswa kuwataka mameneja hao waeleze mbele ya baraza wamepanga nini kwenye kata yake. Mwulizeni lini mara ya mwisho alifanya hivyo. Na pampu, kabla ya yote, muulizeni mhasibu wa chombo cha watumia maji hapo kijijini. Ile hela ya ndoo mnayolipa ilikuwa ya matengenezo.

Mzee Kasma, mimi ni mkulima wa tumbaku, nina bani tatu, yaani mabanda ya kukaushia. Diwani wetu alisimama mkutanoni mwezi Machi mwaka jana akasema bajeti ya halmashauri imepita kwa kishindo, na vyumba viwili vya madarasa vya shule yetu vimo. Nikaandika tarehe ukutani kwa mkaa. Mwaka wa fedha umekwisha, hakuna hata mfuko wa saruji. Fedha iliyopitishwa imekwenda wapi? Nani ameila? Na mimi nakatwa ushuru kila nikiuza. – Mwenye bani tatu

Mwenye bani, inawezekana hakuna aliyeila. Inawezekana haikuwahi kuwepo. Nivumilie.

Bajeti ya halmashauri ina mifuko mitatu kwa mtazamo wa mtu wa kawaida. Mfuko mkubwa ni ruzuku ya Serikali Kuu: mishahara ya walimu na waganga, matumizi ya ofisi, miradi. Wa pili ni wafadhili na miradi maalumu. Wa tatu ni mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, leseni, minada, masoko, nyumba za wageni. Huo wa tatu kwa kawaida ni mdogo kuliko wa kwanza lakini ndio ambao madiwani wenu wanaupangia wenyewe, na madarasa yenu kwa maelezo yako yamo humo.

Sasa, mapato ya ndani kwenye kitabu si fedha. Ni maoteo. Mtu ameketi Desemba anaota kitakachokusanywa mpaka Juni ya mwaka unaofuata mwakani, miezi kumi na minane mbele, na ndoto ile ndiyo inayopitishwa kwa kishindo. Wakipiga makofi wanaipigia makofi ndoto.

Kwenye halmashauri za tumbaku ndoto hiyo ni ngumu kuliko mahali pengine. Masoko hufunguliwa kwenye Aprili au Mei, bei imefungwa kwenye mikataba kwa dola, mteuzi anapanga jani kwa madaraja ya ubora, na mvua ikiwa imeharibu jani hakuna maoteo yatakayoliponya. Soko likichelewa wiki sita, ushuru uliotarajiwa kabla ya 30 Juni unaangukia mwaka mwingine wa fedha. Halafu mwaka 2017 kiwango cha ushuru wa mazao kilishushwa kutoka asilimia 5 ya bei hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kwa mkulima ilikuwa nafuu. Kwa halmashauri iliyokuwa imesimama juu ya tumbaku ilikuwa kama kuondolewa mguu mmoja wa kigoda. Kilo ikiuzwa shilingi 5,000, ilikuwa inaleta 250, ikawa inaleta 150. Na nikurekebishe kidogo: mlipaji wa ushuru huo kisheria ni mnunuzi, si wewe. Kama kwenye hati yako ya malipo ya chama cha msingi kuna mstari wa ushuru wa halmashauri, uliza kwa nini. (Najua utasema mnunuzi anaupunguza kwenye bei. Najua.)

Tuchukue mfano, na tarakimu ni zangu za kuelezea tu. Halmashauri inaota bilioni 2 za mapato yasiyolindwa, yaani ukiondoa zile fedha kama za uchangiaji wa matibabu ambazo lazima zirudi zilikotoka. Mwongozo unaitaka itenge asilimia 40 kwa maendeleo, na zenye uwezo zaidi hutakiwa asilimia 60 au zaidi. Tuseme hii yetu ni ya 40: milioni 800. Humo toa asilimia 10 ya mapato kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ambayo imo kwenye sheria tangu 2018. Imebaki milioni 600. Kata ni 20. Kila kata milioni 30. Vyumba vyenu viwili vimeimaliza na bado havijapakwa rangi.

Sasa soko limechelewa, imekusanywa bilioni 1.2 badala ya 2. Unadhani kinachokatwa ni kipi? Vibarua wa ofisi watalipwa, la sivyo wataandamana. Posho za vikao zitalipwa, maana bila vikao hakuna halmashauri. Mafuta, umeme, wakili. Darasa haliandamani. Darasa linasubiri.

Hapa niungame tena, inaelekea mwezi huu ni wa kuungama. Kuna mwaka maoteo yetu ya minada ya ng'ombe niliyapandisha kwa kalamu. Mnada ulikuwa umefungwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo miezi mizima, nikaandika kama vile ng'ombe wote wa kaskazini ya mkoa watapita pale kila Jumamosi. Kwa nini? Kwa sababu diwani mmoja alikuwa analia darasa lake limo au halimo, na njia rahisi ya kulitia ndani ni kukuza ndoto. Darasa likaingia. Diwani akashangilia. Halikujengwa. Nilichokifanya hakina jina la jinai lakini wewe hapo ukutani una tarehe yake kwa mkaa.

Kwa hiyo usiulize "limepitishwa?" Omba taarifa ya robo mwaka ya mapato na matumizi. Ina safu za kilichopangwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Kama kilichopokelewa kwa jumla ni kidogo, tatizo ni ndoto. Kama kilichopokelewa kinatosha lakini mstari wa madarasa yenu una sifuri, basi kuna mtu ameamua, na ndipo neno lako "nani ameila" linapoanza kuwa na haki. Fedha haiwezi kuhamishwa kutoka kifungu kimoja kwenda kingine kwa kunong'onezana. Kuna idhini inayotakiwa, na kuna Mkaguzi wa Ndani kwenye jengo hilohilo, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ambaye ripoti yake hukabidhiwa kwa Rais Machi na kuingia Bungeni Aprili. Ipo ripoti yake ya serikali za mitaa peke yake, kwa Kiswahili cha kueleweka. Isome na mwalimu wa shule yenu. Usiku mmoja unatosha.

Mzee, mimi nauza mawese na dagaa hapa Kigoma mjini, sokoni Mwanga. Shemeji yangu yuko Kisumu. Kila tukipigiana simu anajitapa kwamba wao kaunti inajipangia bajeti yake yenyewe, gavana wao hasubiri mtu, na sisi huku tunasubiri Dodoma. Nimekosa la kumjibu. Nisaidie nimnyamazishe. – Mama Mawese

Mama Mawese, kumnyamazisha shemeji wa Kisumu sitaweza, ila nitakupa vya kubishania.

Ana haki kwenye jambo kubwa. Kenya ina kaunti 47 zilizotokana na Katiba yao ya 2010, na zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Katiba yenyewe inasema kaunti kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge lao. Sisi hatuna kiwango kama hicho kwenye Katiba. Na bajeti yao ikipitishwa na bunge la kaunti, haiendi kuchambuliwa upya na wizara kama yetu inavyokwenda TAMISEMI.

Kalenda yao ni ya sheria, na hiyo naipenda kama mtu wa mipango. Mpango wa maendeleo wa mwaka uwe mezani kwa bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha ifikapo 28 Februari. Humo ndimo wanapoweka ukomo wa kila idara, kwa hiyo Februari ndiyo Januari yetu. Makadirio yenyewe ifikapo 30 Aprili, na yaidhinishwe kabla ya 30 Juni. Wananchi lazima washirikishwe, ni suala la kikatiba, na mwananchi akipuuzwa anaweza kwenda mahakamani kuipinga bajeti. Sheria ya mwaka 2012 inataka pia walau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo kwa kipindi cha kati, na kanuni zake zinazuia mishahara isivuke asilimia 35 ya mapato.

Sasa silaha zako. Mwulize shemeji: gavana akitaka kutoa fedha kwenye mfuko wa kaunti, anatoa tu? Hatoi. Lazima Mdhibiti wa Bajeti, ambaye yuko Nairobi, akubali kwanza. Mwulize mwaka 2020 ilikuwaje, Seneti ilipobishana kuhusu kanuni ya kugawana fedha kikao baada ya kikao hadi Septemba, mwaka wa fedha ulioanza Julai ukiwa unakwenda, na kaunti zinangoja. Na mwulize swali langu la ndoto: kaunti yake iliota kukusanya kiasi gani cha mapato yake ya ndani mwaka jana, na ilipata kiasi gani? Ndoto hazina mpaka, Mama Mawese. Atakata simu aseme salio limekwisha.

Lakini usimdhihaki sana. Kule ukitaka kujua ukomo wa idara ya afya ya kaunti kuna waraka unaousema, na una tarehe. Huku niliuweka kwenye droo yangu.

Mzee Kasma shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nasoma hapa Tabora. Je, raia wa kawaida anaruhusiwa kuingia kwenye kikao cha madiwani cha kupitisha bajeti? Ninaogopa kufukuzwa. – Msomaji wa kidato cha sita

Marahaba mwanangu. Kikao cha Baraza la Madiwani ni cha wazi, wananchi na waandishi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Vikao vya kamati si vya wazi, huko usiende. Hairuhusiwi kusema wala kupiga makofi, na simu uizime. Vaa vizuri, askari wa mgambo mlangoni hasomi sheria, anasoma viatu.

Tarehe uliza masjala ya halmashauri kuanzia katikati ya Januari, tena kila wiki, maana hubadilika. Fika saa mbili kasoro, viti vya nyuma ni vichache na wake za madiwani huvijaza. Utaona kitabu kinene kinagawiwa asubuhi hiyohiyo, na saa saba mchana kimekwisha kupita. Mwombe diwani yeyote aliyekaa karibu nawe akuazime chake wakati wa chai. Wengi watakupa, kwa kuwa hawajakifungua. Nenda moja kwa moja kwenye kurasa za miradi ya maendeleo kwa mapato ya ndani, tafuta kata yenu, nakili namba za kasma kwenye daftari, kisha mrudishie kitabu chake kabla kengele haijagongwa.